Ng'ombe wa Chuma wa Bweranyange

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Unyanyembe ilikata nchi ya Usui ya Mtemi Suwarora, yaani pande za Biharamulo na Ngara, ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo ikaingia Karagwe. Mpelelezi Speke alipita njia hiyo mwaka 1861. Mwenzake Stanley alifika Karagwe mwaka 1876, na katika nyumba ya hazina ya Mukama (mfalme) Rumanyika, huko Bweranyange alikokaa, alikuta bata 16 wa shaba njano, wanyama 10 aliowadhania kuwa pofu, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Mbali na hao, Karagwe ilikuwa na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, ambao kwa kawaida huhusishwa na Ndagara, baba yake Rumanyika.

Wepesi wa kujibu watasema ng'ombe ni mali, basi mfalme alijitengenezea picha ya mali yake. Hesabu ya Stanley yenyewe inakataa. Hakuna aliyetajirika Karagwe kwa bata, na pofu hafugwi. Tena mwenye kujivunia mifugo angemnyima ng'ombe wake kichwa kwa sababu gani? Maana inatafutwa vizuri zaidi katika vitu vilivyokaa pamoja na wanyama hao. Miongoni mwa vifaa vya enzi vya Karagwe zilikuwamo nyundo na fuawe za chuma. Watawala wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda, walijitambulisha na ng'ombe. Chuma kiliyeyushwa na kufuliwa na watu wa jembe, kwa ujuzi uliodumu Kagera zaidi ya miaka 2,000. Ng'ombe wa chuma ni mnyama wa mfugaji katika mwili wa mhunzi. Aliyemmiliki alidai pande zote mbili.

Atatokea wa kusema shaba ililetwa na wafanyabiashara wa pwani, kwa hiyo hayo yalikuwa mapambo tu ya biashara. Shaba ndiyo, huenda ilibebwa kutoka mbali. Lakini umbo halikubebwa, wala nyumba ya kuliweka, na chuma kilikuwa cha huko huko.

Hapo ndipo Karagwe inapotufaa tukiyatazama mawe ya Göbekli Tepe, Uturuki, yaliyochongwa mbweha, nyoka, nge na tai zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Mifupa iliyofukuliwa hapo kwa wingi ni ya swala, ambaye ni nadra kuonekana kwenye nguzo. Kwa hiyo aliyechongwa hakuwa lazima ndiye aliyeliwa, kama vile bata wa Rumanyika hawakuwa utajiri wake. Ni kweli kwamba maana ya Karagwe haiwezi kuazimwa ili kuwaeleza watu wa kale namna ile. Kinachoazimika ni swali: mnyama huyu alisimama karibu na nini, na nani aliruhusiwa kumsogelea? Kwa Bweranyange tunaweza kutaja mwenye nyumba. Kwa Göbekli Tepe, mpaka sasa, tuna nguzo na mifupa.