Meza ya Barcelona na Meza ya Bunia

Mwaka 2003 mwongozaji wa filamu kutoka Katalunya, Cesc Gay, alitoa filamu iitwayo En la ciudad, yaani Mjini. Hakuna vita ndani yake. Marafiki wa Barcelona walio katika miaka yao ya thelathini hukutana mezani, hucheka, huulizana habari, kisha kila mmoja hurudi nyumbani na siri yake. Mmoja amejua kwamba mkewe ana mtu mwingine, naye ananyamaza. Mwingine anawasimulia rafiki zake mapenzi ambayo kwa sehemu kubwa ameyatunga, asije akaonekana mpweke. Wana kazi na nyumba. Wanachokosa ni mtu wa kumwambia kweli.

Vijana wapenzi, mtauliza: mambo ya watu walioshiba yanatuhusu nini sisi wa Ituri? Swali ni la haki. Lakini utazameni mwaka wenyewe.

Mwanzoni mwa Mei 2003 majeshi ya Uganda yaliondoka Bunia, na wanamgambo wa pande mbili, wa Walendu na wa Wahema, wakaupigania mji. Tarehe 12 Mei UPC ya Thomas Lubanga ikaushika. Watu kwa maelfu walikimbilia karibu na ofisi za MONUC na uwanja wa ndege, wakalala chini ya maturubai. Hata parokiani Nyakasanza damu ilimwagika, mapadri wawili wakiwa miongoni mwa waliouawa. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na mwezi Juni askari wa Ulaya wakiongozwa na Ufaransa wakaingia. Walikaa hadi 1 Septemba, kisha wakaiachia kazi MONUC iliyoongezewa nguvu.

Hayo yameandikwa vitabuni. Yasiyoandikwa ni habari za madawati. Kabla ya mwaka 1999, ugomvi wa mashamba wa Djugu ulipogeuka vita, watoto wa makabila yote walikalia benchi moja katika shule za Bunia na kugawana kalamu. Miaka minne baadaye kulikuwa na mitaa ambayo baadhi yao hawakuweza kuikanyaga na kutoka hai. Wengine walipewa bunduki. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, huko The Hague, ilimhukumu Lubanga tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wasiotimiza miaka 15, kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003. Upande wa pili haukuwa na mikono safi: Germain Katanga alitiwa hatiani mwaka 2014 kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003.

Sasa fanyeni hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2003 alizaliwa karibu na mwaka 1989. Leo anaikaribia arobaini, umri ule ule wa marafiki wa Barcelona au zaidi kidogo. Anafundisha, anaendesha pikipiki, anauza mafuta kwa chupa kando ya barabara, ananunua dhahabu ya Mongbwalu. Kwenye arusi na matanga ameketi na wenzake wa zamani, wakizungumza Kiswahili, lugha isiyomwuliza mtu kabila lake. Mwulize tu alikuwa wapi Mei ile, na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya sukari.

Siwalaumu. Ukimya wa Barcelona unalinda heshima ya mtu. Ukimya wa Bunia ulilinda roho yake. Jina la ukoo likitamkwa mahali pasipofaa liliweza kuua. Walionyamaza walikuwa na busara, na ndiyo maana wako hai.

Ila busara hiyo imekuwa na gharama, na walioilipa ni ninyi mliozaliwa baadaye. Kila nyumba imefundisha nusu ya habari, nusu iliyomwuma yeye. Tarehe 15 Desemba 2017 mahakama ilikadiria fidia ya waathirika wa kesi ya Lubanga kuwa dola milioni 10. Mwezi huo huo nyumba zilianza tena kuchomwa Djugu. Hata utawala wa kijeshi, uliowekwa Mei 2021, haukuyakomesha mauaji. Wengi wa wanaobeba silaha huko sasa hawakuwa na umri wa kuiona Mei 2003. Wameisikia tu, na wameisikia nusu.

Niliwahi kuketi arusini, hapa hapa mjini, karibu na wanaume wawili waliogundua kwamba walisoma darasa moja. Walifurahi mno. Walimkumbuka mwalimu wa hesabu na fimbo yake, wakacheka mpaka machozi. Kisha mmoja akauliza: "Na yule aliyekuwa akikaa katikati yetu?" Mwenzake alitazama chini kwa muda mrefu. Nilidhani atajibu. Akamwita mhudumu, akaagiza soda nyingine mbili.