Kahawa ya Mapadri Wafaransa katika Mashamba ya Waingereza

Mwaka 1748 mchoraji Mwingereza William Hogarth alichora picha ya lango la Calais, bandari ya Ufaransa. Katikati mwake kuna pande kubwa la nyama ya ng'ombe kutoka Uingereza. Wanajeshi Wafaransa waliokonda wanaikodolea macho, na mtawa mnene anaigusa kwa kidole, mate yakimtoka. Kwa Mwingereza wa siku zile, huyo ndiye aliyekuwa Mfaransa: mla vyura, mwenye njaa, mtumwa wa mapadri walafi. Dhana hiyo walirithishana vizazi na vizazi.

Afrika Mashariki uhasama wa mataifa hayo ulimwaga damu. Kule Buganda, Wakatoliki waliobatizwa na mapadri Wafaransa waliitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza. Januari 1892 walipigana Mengo, ofisa Mwingereza, Kapteni Lugard, akiwasaidia Waprotestanti. Mwaka 1898 mataifa yenyewe yalinusurika kupigana kwa ajili ya Fashoda, Sudan.

Mwaka uliofuata, mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin's karibu na Nairobi, wakapanda kahawa. Walikuwa wameshaipanda Bura, Taita, mwaka 1893. Asili ya mbegu inaelezwa kuwa kisiwa cha Réunion, zamani kikiitwa Bourbon, ambako wamisionari hao walitokea kabla ya kufika Zanzibar na Bagamoyo.

Walowezi Waingereza walizichukua mbegu hizo. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, kahawa ilikuwa tayari tegemeo lao, na miche ile waliiita French Mission bila kuona aibu. Mtawa waliyemcheka kwa kuitamani nyama yao ndiye aliyewapa riziki. Sijui kama kuna jibu bora zaidi kwa picha ya Hogarth.

Hata hivyo walowezi hawakujifunza. Walidai Mwafrika akilima kahawa ataeneza magonjwa na kuharibu ubora, ilhali vibarua Waafrika ndio waliopogoa mikahawa na kuchuma buni katika mashamba yao. Katika miaka ya 1930 ruhusa ilitolewa kwa uchache Kisii, Embu na Meru. Wakulima wengi wa Kiambu na Murang'a, majirani wa mashamba hayohayo, walingoja hadi miaka ya 1950. Hii ndiyo dhuluma kubwa zaidi katika historia hii, kwa maana dhana juu ya Mfaransa ilimletea kicheko tu, lakini dhana juu ya Mwafrika ilimnyima shamba na shule ya watoto wake.

Mwaka 1944 serikali ilinunua shamba la Jacaranda, Ruiru, kwa utafiti wa kahawa. Hapo ndipo ilipozalishwa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Miongoni mwa mbegu zilizotumiwa kuizalisha ni K7, iliyochaguliwa kutoka mikahawa ya French Mission huko Muhoroni. Walimu wa historia wa Ruiru na Thika, wapelekeni wanafunzi wakaione mikahawa hii kabla majumba hayajamaliza mashamba.