Kuandaa kompyuta ya kuongozea roboti yenye umbo la mtu

Roboti yenye umbo la mtu haiinui hata mkono mpaka kompyuta inayoiongoza iwekewe programu tegemezi zote, kila moja kwa toleo lake. Mfano ni OP3 ya kampuni ya ROBOTIS ya Korea Kusini, yenye urefu wa sentimita 51 na mota 20.

Mfumo utumikao sana ni ROS. Toleo la Humble, lililotolewa mwaka 2022, lilikusudiwa Ubuntu 22.04, fundi akiweka Ubuntu nyingine hupoteza siku nzima kwa programu zisizopatana. Chombo kiitwacho rosdep huzipakua chenyewe, ila kwa intaneti. Hivyo atakayepeleka roboti Mpale, wilayani Korogwe, ni heri apakue kila kitu angali mjini. Vishikwambi vya shindano la Global Learning XPRIZE, vilivyojaribiwa katika vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga kati ya mwaka 2017 na 2019, navyo vilipelekwa vikiwa na masomo ya Kiswahili ndani.

Kisha huja ruhusa. Mota huunganishwa kwa waya wa USB, na Ubuntu haimruhusu mtumiaji wa kawaida kutumia mlango huo mpaka aingizwe katika kundi liitwalo dialout. Baada ya hapo hana budi kutoka na kuingia upya. Wengi husahau, wakalaumu waya. Wengine huendesha kila kitu kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Ni njia ya mkato, lakini programu yenye kasoro ikipewa mamlaka hayo yaweza kuharibu mfumo mzima.

Mota zinapowashwa mara ya kwanza, roboti hushikiliwa, kwani amri moja ikikosewa huanguka.