Wakimbizi wa Hungaria: Huruma ya Watu na Hesabu za Serikali

Katika nchi yetu neno mkimbizi halihitaji kuelezwa. Tumewapokea wageni waliokimbia vita kwao, na sisi wenyewe tumefunga mizigo usiku na kushika njia. Na kila mara watu huuliza: Serikali za mbali hazioni? Mbona wakimbizi wengine husaidiwa upesi, na wengine huachwa? Ulizo hili si la leo. Tulitazame katika mambo ya Hungaria ya mwaka 1956, maana hapo tunaona wazi mahali ambapo sauti ya watu inaweza kuisukuma serikali, na mahali inaposhindwa.

1. Mambo yenyewe

Hungaria ni nchi ya katikati ya Ulaya. Wakati ule watu wake wengi walikuwa Wakatoliki. Vita kubwa ilipokwisha mwaka 1945 nchi ilibaki chini ya mkono wa Warusi, na chama cha kikomunisti kikatawala peke yake. Kardinali József Mindszenty, Askofu Mkuu wa Esztergom, alikamatwa siku moja baada ya Noeli ya 1948, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Tarehe 23 Oktoba 1956 wanafunzi wa mji mkuu, Budapest, walitoka barabarani kudai uhuru. Wafanyakazi wakaungana nao. Jioni ile bunduki zililia. Imre Nagy akawekwa kuwa mkuu wa serikali, na kwa siku chache watu walidhani kumekucha. Kardinali alitolewa kifungoni. Tarehe 1 Novemba Nagy akatangaza kwamba Hungaria imetoka katika mapatano ya kijeshi ya Warsaw, wala haitakuwa tena upande wowote.

Tarehe 4 Novemba, siku ya Jumapili, alfajiri, vifaru vya Warusi viliingia Budapest. Wahungaria wapata 2,500 walikufa katika mapigano yale. Kardinali alikimbilia ubalozi wa Marekani, akakaa humo miaka kumi na mitano, hata 1971. Nagy alinyongwa mwezi wa Juni 1958.

Basi watu wakakimbia. Watu wapata 180,000 waliingia Austria, na wengine 20,000 hivi waliingia Yugoslavia. Walipita usiku, katika baridi kali, wakivuka mabwawa na mifereji ya mpakani na watoto mgongoni. Karibu na kijiji cha Andau palikuwa na daraja dogo la mbao. Maelfu walipita juu yake mpaka tarehe 21 Novemba, siku ambayo lilibomolewa kwa baruti.

2. Sauti ya watu

Habari hizi zilitikisa Ulaya nzima. Baba Mtakatifu Papa Pio XII aliandika barua tatu kwa Kanisa lote ndani ya siku tisa tu, kuanzia tarehe 28 Oktoba hata 5 Novemba. Katika barua mbili za kwanza aliwaomba waamini wasali. Katika ya tatu alililia damu iliyomwagika. Katika nchi ya Uswisi kengele zililia tarehe 20 Novemba na watu wakasimama kimya makazini na barabarani. Mjini Paris watu wenye hasira walishambulia nyumba ya chama cha kikomunisti, wakaichoma moto. Uholanzi, Hispania na Uswisi zilikataa kupeleka wachezaji wao kwenye michezo ya Olimpiki ya Melbourne, kwa sababu Warusi walikuwa huko.

Watu walikuwa wanadai mambo mawili. La kwanza: Warusi wazuiwe. La pili: wakimbizi wapokewe. Tuyatenge mambo haya mawili, maana serikali nazo ziliyatenga.

3. Serikali zilijibu nini?

Kwa jambo la kwanza jibu lilikuwa maneno matupu. Miaka kadhaa wakubwa wa Marekani walikuwa wamesema juu ya kuyakomboa mataifa yaliyo chini ya Warusi. Radio Free Europe, iliyosemea toka Munich kwa fedha za Marekani, ilikuwa imewatia Wahungaria tumaini kubwa. Lakini tarehe 27 Oktoba, bunduki zilipokuwa zikilia Budapest, waziri Dulles wa Marekani alieleza hadharani kwamba nchi yake haiyahesabu mataifa yale kuwa wenzi wake wa vita. Maana yake ilieleweka Moscow: hatuji. Nao Waingereza na Wafaransa, wiki ile ile, walikuwa wakipiga mabomu Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez. Wangewezaje kumkemea mwingine kwa kosa ambalo wao wenyewe walikuwa wakilitenda? Katika Umoja wa Mataifa Warusi walitumia kura yao ya kukataza. Mkutano mkuu ukapitisha azimio la kuwataka watoke, nao hawakutoka.

Tuseme kweli: serikali zile ziliogopa vita ya mabomu ya atomiki, na hofu hiyo haikuwa ya mchezo. Lakini kosa lilikuwa kumpa mtu tumaini bila nia ya kumsaidia. Anayemwambia jirani "piga, nipo nyuma yako," kisha akafunga mlango, ana sehemu yake katika maumivu ya jirani.

Kwa jambo la pili, yaani wakimbizi, jibu lilikuwa tofauti kabisa. Austria ilikuwa nchi ndogo, ya watu milioni saba hivi. Majeshi ya kigeni yalikuwa yametoka kwake mwaka mmoja tu uliopita, nayo iliogopa Warusi wasirudi. Hata hivyo ilifungua mpaka. Tarehe 5 Novemba ikaomba msaada kwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa, na nchi nyingine zikaanza kuwachukua watu. Wakimbizi 100,000 wa kwanza waliondoka Austria katika muda usiotimia wiki kumi. Baadaye jumla ya nchi 37 ziliwapokea.

Serikali ya Kanada kwanza ilikwenda polepole. Makanisa na magazeti yakapiga kelele, na mwishoni mwa Novemba serikali ikakubali hata kuwalipia nauli. Waziri Pickersgill akaenda Vienna mwenyewe. Wakimbizi zaidi ya 37,000 waliingia Kanada. Tena chuo cha elimu ya misitu cha mji wa Sopron, walimu na wanafunzi wapata 200 pamoja, kilipewa mahali katika chuo kikuu mjini Vancouver. Marekani ilikuwa na sheria ya 1952 iliyowawekea wageni hesabu ndogo. Watu walipoona aibu ya jambo hilo, Rais Eisenhower aliwaingiza kwa ruhusa ya pekee. Jumla yao ilifika 38,000 hivi.

4. Kwa nini mlango ulifunguka?

Hapa tusiwe watoto. Huruma ilikuwa ya kweli: wakulima wa Austria waliowaingiza wageni wenye nguo mbichi jikoni mwao hawakuwa wakifanya siasa. Lakini serikali zina mizani yao. Wahungaria wale walikuwa wengi vijana, wenye ufundi, na viwanda vya nchi zile vilitafuta wafanyakazi. Walimkimbia adui ambaye nchi hizo pia zilimchukia. Walikuwa Wazungu kati ya Wazungu. Tena wakubwa walioshindwa kuwasaidia katika vita waliona haya. Kuwapokea wakimbizi ilikuwa njia ya kulipa deni kwa bei ndogo.

Shuhuda wa jambo hili ni Padri Dominique Pire, Mdominikani wa Ubelgiji. Tangu 1949 yeye aliwahudumia watu waliofukuzwa makwao na vita ya 1939-1945. Wengi wao walikuwa wazee, wagonjwa, wajane wenye watoto. Kila nchi ilituma watu wake kambini kuchagua, nao walichagua wenye nguvu. Hawa wakabaki. Wahungaria walipopita Austria na kuendelea na safari yao, wakimbizi wa zamani walikuwa bado kambini, mwaka wa kumi na zaidi. Picha zao hazikuwa mpya, basi hakuna aliyezililia. Padri Pire aliwajengea vijiji, akapata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 1958.

5. Mgeni siku mbili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata Austria huruma ilichoka. Mwanzoni mwa 1957 manung'uniko yalianza: wageni wanachagua mno, wanapewa kuliko sisi, wanaharibu kazi. Ni maneno yale yale tuliyoyasikia kwetu. Wale walioingia Yugoslavia, ambao dunia haikuwaimbia sana, walingoja zaidi, mpaka mwanzo wa 1958. Nayo Hungaria yenyewe, ambayo watoto wake walipokewa na nchi 37, haikukumbuka mwaka 1956 ilipofika zamu yake: mwaka 2015 ilijenga ukuta wa waya mpakani kuwazuia watu waliokimbia vita ya Siria na penginepo. Basi hata aliyepokewa jana anaweza kusahau leo.

Kwa hiyo huruma peke yake haitoshi. Inahitaji sheria, kama moto unavyohitaji mafiga. Mapatano ya Geneva ya 1951 juu ya wakimbizi yaliwahusu tu walioponzwa na mambo yaliyotokea kabla ya 1951. Kwa ajili ya Wahungaria wanasheria walieleza kwamba chanzo cha kukimbia kwao kilikuwa cha zamani, nao wakahesabiwa ndani. Mlango huo ulipofunguka haukufungwa tena. Mwaka 1957 msaada ulifika kwa Waaljeria waliokimbilia Tunisia. Mwaka 1967 mpaka wa miaka uliondolewa. Na tarehe 10 Septemba 1969, mjini Addis Ababa, nchi za Afrika zilifanya mapatano yao wenyewe: mkimbizi ni pia anayekimbia uvamizi, au fujo kubwa nchini mwake, kumpokea si uadui juu ya nchi yake, na nchi inayoelemewa isaidiwe na nyingine.

6. Na kwetu?

Tuje sasa Kivu. Tangu 1959 Wanyarwanda walikimbilia kwetu kwa maelfu. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, watu wapata 850,000 waliingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu juu ya mawe ya volkano. Dunia iliona picha, ikaleta maji, dawa na unga. Huruma ile tusiidharau, iliokoa wengi.

Lakini kati ya wakimbizi walikuwamo askari na wauaji wenye silaha, nao waliwashika wengine kama mateka. Kamishna Mkuu, Mama Sadako Ogata, aliomba majeshi ya kuwatenga. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliziuliza nchi karibu 60. Ni moja tu iliyojitolea. Tunaona tena yale ya 1956: unga ndiyo, kujihatarisha hapana. Wakati huo huo watu wetu wa Kivu waliona misitu ikikatwa, bei zikipanda na usalama ukipotea, nao wakachoka kama Waaustria walivyochoka, na zaidi, maana hapa hapakuwa na nchi 37 za kuwachukua wageni.

Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, hakuchoka kuandika. Aliziomba serikali za nje zitazame watu wote, wakimbizi na wenyeji. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa na askari mjini mwake. Tarehe 15 Novemba Umoja wa Mataifa ulikubali kupeleka jeshi la kulinda msaada, chini ya uongozi wa Kanada, ile ile ya 1956. Siku zile zile wakimbizi wengi sana wakarudi Rwanda kwa miguu, na serikali zikasema kazi imekwisha. Jeshi halikuja. Waliokimbilia magharibi, kupitia misitu hata Tingi-Tingi, walikufa wengi bila picha.

7. Tushike nini?

Tushike kwanza kwamba sauti ya watu ina nguvu. Kanada ilifungua mlango kwa sababu maparokia na magazeti yalisema. Basi tusinyamaze juu ya ndugu zetu walio kambini, hata habari zao zikiwa za zamani.

Tushike pili kwamba serikali ya mbali hupima faida yake. Tushukuru msaada, lakini tusijenge tumaini letu lote juu ya radio ya wengine.

Tushike tatu kwamba sisi pia ni wapokeaji, na tutapimwa kwa kipimo kile kile. Mgeni anapobisha mlango wa parokia yetu, hatuna haja ya kungoja azimio la New York. Tutazame nani anaachwa nyuma wakati wa kuchagua: mzee, mgonjwa, mjane. Familia Takatifu ilikimbilia Misri usiku, na Injili haitaji jina la aliyewapokea. Lakini yupo aliyewapa mahali pa kulala, na Mungu anamjua.