Wazee wa Ulindi: Usimamizi wa Vijana Mlimani Meru, kutoka Rika hadi Skauti

Kwa Waarusha wa Mlima Meru, baba alimlea mtoto mpaka mlango wa jando. Akishatahiriwa, kijana aliingia chini ya usimamizi wa watu wengine: wanaume wa rika lililotangulia lake kwa ngazi mbili, ambao ndio waliokuwa na haki ya kumwonya, kumtoza faini, kumlaani na kumwondolea laana. Waarusha ni wakulima wasemao Kimaa. Walifika kutoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, wakashika miteremko ya kusini-magharibi ya mlima kuanzia miaka ya 1830. Jirani zao Wameru, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichaga, walikuwa wamekwisha kukaa upande wa kusini-mashariki kwa vizazi vingi, na katika karne ya 19 nao wakayapokea marika ya Waarusha. Ndiyo maana mkulima wa migomba wa Akeri na mfugaji wa Monduli, ambao lugha zao hazisikilizani, waliweza kuulizana rika wakajua nani amwamkie nani kwanza.

Rika jipya lilifunguliwa takriban kila baada ya miaka 15. Majina yake yalifuata yale ya Wamasai wa Kisongo: Talala, Tuati, Tareto, Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landis. Usimamizi uliruka ngazi moja. Talala waliwasimamia Tareto, na Tareto wakaja kuwasimamia Nyangusi. Tuati waliwasimamia Terito, nao Terito wakawasimamia Seuri. Rika lililo katikati halikuhusishwa, na sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuona kaka akikabidhiwa mdogo wake. Marika yanayofuatana ni washindani. Wakubwa hawataki kuachia heshima ya umorani, yaani hadhi ya vijana wapiganaji, wadogo wanawasukuma watoke, na hakuna mwenye akili ambaye angempa mshindani fimbo.

Wasimamizi hao huitwa kwa Kimaa olpiron, yaani ulindi, kijiti kigumu cha kupekechea moto. Jina linatokana na kitendo chenyewe. Siku ya kulifungua rika, wazee walilaza chini kipande cha mti laini chenye kitobo, wakasimamisha ulindi juu yake na kuupekecha kwa viganja viwili, wakipokezana, kwa sababu mikono hushuka upesi hadi chini na si rahisi mtu mmoja kuuwasha moto peke yake. Unga mweusi hujikusanya kitoboni, hutoa moshi, kisha chembe ya moto huangukia nyasi kavu, nayo hupulizwa taratibu. Moto huo ndio uliolizaa rika, na waliouwasha walibeba dhamana ya kila kijana aliyeingia humo. Baba mzazi mara nyingi alikuwa miongoni mwao, au wa rika la jirani, lakini katika jambo hili alihesabika kama mmoja wa wengi. Shauri la mwanawe lilikuwa la rika zima.

Wazazi nao walikuwa na wajibu wao, na haukuwa mwepesi. Bila ruhusa ya baba hakuna mvulana aliyetahiriwa. Zamu ilifuata kuzaliwa: kaka kwanza, mdogo baadaye, hata kama mdogo amemzidi kimo. Baba alitoa mnyama wa kuchinjwa, alitafuta asali ya pombe, alialika ukoo, na kama alikuwa na deni la heshima kwa mtu alilimaliza kabla, maana mwenye kinyongo hakutakiwa karibu na kisu. Mama alimnyoa mwanawe nywele na kushughulikia pombe na chakula. Mvulana asiye na baba alisimamiwa na ndugu wa ukoo, na gharama ikawa yao.

Usiku wa kuamkia jando, katika desturi ya Kimaa, maji huachwa nje yakiwa na bapa la shoka ndani yake ili yapoe zaidi. Alfajiri kijana humwagiwa maji hayo kabla ya ngariba kuanza kazi. Kwa baridi ya Juni kwenye kimo cha Ilboru au Olmotonyi, hilo peke yake ni mtihani. Kijana akitikisika au kulia, aibu huwashukia wazazi kabla ya kumfika yeye. Watu huwatukana na kuwatemea mate kwa kuleta mtoto ambaye hawakumwandaa. Hapo ndipo jamii ilipopima kazi yao. Tangu siku hiyo matendo ya kijana yalikuwa hesabu ya wazee wa ulindi.

Mwingereza P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Waarusha kati ya 1956 na 1958 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alieleza kwa kirefu jinsi mambo yalivyosuluhishwa bila chifu wala askari. Kila mtaa ulikuwa na mkutano wake, na kila rika lilikuwa na wasemaji wake, malaigwanani, waliochaguliwa kwa ufasaha na utulivu wao. Kijana aliyempiga mwenzake, aliyeharibu shamba la mtu au aliyemdharau mzee aliitwa mbele ya rika lake kwanza. Wenzake walimtoza pombe au mbuzi. Wakishindwa, au wakiwa wote wana kosa, wazee wa ulindi waliingia. Silaha yao ya mwisho ilikuwa laana, na haikutumiwa ovyo. Vijana waliotishiwa nayo walikwenda na mnyama wa kuchinja na asali kuomba radhi, na wazee walilazimika kupokea, kula pamoja nao na kuwabariki. Mzee aliyelaani kwa hasira zake mwenyewe alikuwa anavunja kanuni kama kijana aliyeiba.

Miongoni mwa kanuni za morani, moja ilidumu kuliko nyingi: morani hali chakula peke yake. Hunywa maziwa na kula nyama mbele ya wenzake wa rika. Mwenye chakula humtafuta wa kula naye, na yule ambaye rika limewakataza wenzake kula naye hulala njaa huku kibuyu kimejaa. Adhabu ya namna hiyo haihitaji mlinzi.

Umorani ulikuwa pia kazi ya vita, na kazi hiyo ilikomeshwa ghafla. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri na morani wa wakati huo, rika la Talala. Wajerumani walijibu kwa kuchoma nyumba, kuteka ng'ombe na kuharibu migomba. Mwaka 1900 viongozi kadhaa wa Waarusha na Wameru walinyongwa, na watu wao wakalazimishwa kujenga boma ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, mjini Arusha. Ngao zikawekwa kando. Marika yaliendelea kufunguliwa, Tuati, kisha Tareto, lakini wazee wa ulindi sasa walisimamia vijana waliokatazwa kuteka ng'ombe na kupigana, waliotakiwa kulipa kodi, na ambao baadaye wangepanda kahawa.

Misheni zilifunguliwa Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na pamoja nazo ukaja mpango mwingine wa malezi. Mtoto wa Kikristo alikuwa na wasimamizi wa ubatizo, alisoma kipaimara chini ya mwinjilisti, na alishinda darasani chini ya mwalimu ambaye mara nyingi hakuwa wa ukoo wake. Jando liligombaniwa kwa miaka mingi, hasa ngoma zake na pombe yake. Familia nyingi hazikuchagua upande. Zilimpeleka kijana kwa mwalimu siku za wiki na kwa wazee wakati wa jando.

Katika shule kama hizo ndimo chama cha vijana cha skauti kilimoingia nchini. Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza, alifanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907 na kuchapisha kitabu cha vijana mwaka 1908. Chama kilifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, na chama cha wasichana cha Girl Guides kikaanzishwa Tanganyika mwaka 1928. Mwanzilishi mwenyewe alihamia Kenya uzeeni, akafa na kuzikwa Nyeri mwaka 1941. Jambo moja katika historia ya skauti halikosi kuchekesha likitazamwa kutoka Meru. Shanga za mbao wanazovaa viongozi wa skauti waliohitimu mafunzo ya juu, ambazo zilianza kutolewa Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, zilichukuliwa kwa mfano wa mkufu wa mfalme Dinuzulu wa Wazulu. Mtu mzima aliyejitolea kulea watoto wa London alitambulishwa kwa alama ya Kiafrika, wakati ambapo wazee wa Kiafrika wenyewe walikuwa chini ya serikali za kikoloni.

Skauti iligawa majukumu kwa namna ambayo mzee wa Kiarusha asingehitaji kuelezwa mara mbili. Mzazi hutoa ruhusa, naye ndiye anayenunua sare na skafu, hulipa ada na nauli ya kambi, na humwambia kiongozi habari ambazo mtoto hatazisema: ana pumu, hawezi kuogelea, anakojoa kitandani. Kiongozi ni mtu mzima wa kujitolea, asiyelipwa, aliyefunzwa na kusajiliwa, naye hula kiapo kilekile anachowalisha watoto. Kati yao wapo vijana wenyewe, wamegawanywa katika vikosi vidogo vya watoto sita hadi wanane, kila kikosi na kiongozi wake wa umri uleule. Kikosi hupika pamoja na kula pamoja. Kosa dogo huanzia hapo kabla ya kufika kwa mtu mzima, kama lilivyoanzia mbele ya rika.

Tofauti ilikuwa katika nani aliyewachagua wasimamizi. Wazee wa ulindi walipatikana kwa zamu ya marika, na mzazi aliwajua tangu utoto wao. Kiongozi wa skauti wa zama za ukoloni aliteuliwa kupitia shule na kamishna, na kiapo chake kilimtaja Mfalme wa Uingereza. Mzazi aliyeishi Poli au Sanawari alimwona mtoto akirudi na kofia na filimbi, akasikia kuna kambi, na mara nyingi hakuulizwa zaidi ya pesa. Hali hiyo ilileta matatizo mahali pengi Afrika Mashariki; Kenya kulikuwa na vijana waliojivika skafu bila kusajiliwa na kuwachangisha watu fedha, na chama kikawa kikali kuhusu nani ana haki ya kuvaa sare. Hata hivyo shule zilitoa maskauti wengi wa kweli, mmoja wao Julius Nyerere alipokuwa mwanafunzi Tabora.

Baada ya uhuru chama cha skauti cha Tanganyika kiliingia katika shirika la skauti la dunia mwaka 1963. Mwaka huohuo serikali ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo baadaye lilikuwa na kambi Oljoro, nje kidogo ya Arusha, na Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ukaenea hadi vijijini. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967, shule ilipewa jembe, halaiki na gwaride. Dola sasa ndiyo iliyojiita mlezi wa vijana wote, na skauti ikabaki kona moja ya mpango mkubwa. Haikufa. Iliendelea kukaa shuleni, chini ya mwalimu mmoja mwenye moyo, na akihamishwa mwalimu huyo kundi mara nyingi lilihama naye, kwa maana ya kutoweka. Wazazi hawakuwa na nafasi rasmi ya kulishika. Huo ndio udhaifu wake wa muda mrefu zaidi, na rika halikuwa nao, kwani wazee wa ulindi hawakuhamishwa.

Sheria za karne hii zimewarudisha wazazi mezani. Mkutano wa skauti wa dunia uliofanyika Thessaloniki mwaka 2002 ulipitisha azimio la kuwakinga watoto na madhara ndani ya chama chenyewe, na kutoka hapo yamekuja masharti kama lile la mtu mzima kutokaa faraghani na mtoto mmoja. Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Inaeleza wajibu wa mzazi wa kumtunza na kumlinda mtoto, na kumpa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa akiona haki za mtoto zinavunjwa. Kabla yake, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilikuwa imeharamisha kuwakeketa wasichana wa chini ya miaka 18, na hivyo wazazi na wazee kwa pamoja wakapewa mpaka ambao hakuna rika lililoruhusiwa kuuvuka.

Kupanda mlima, kwa skauti au kundi lingine, nako kuna kanuni zake. Kilele cha Meru, takriban mita 4,560, kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Kundi lolote linaloanzia Momella hutembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati. Kiongozi wa kujitolea anayewaleta watoto huwa na orodha ya majina, barua za wazazi, nyingine zikiwa na alama ya dole gumba, na sanduku la huduma ya kwanza. Huhesabu vichwa langoni na kuvihesabu tena kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,514.

Jando pia limefuata ratiba ya shule. Familia nyingi hulifanya likizo ya Juni au Desemba, miezi ileile ya makambi, na pembeni mwa barabara ya kwenda Monduli huonekana wavulana wamevaa nguo nyeusi na kujichora nyuso kwa chokaa nyeupe. Baba hupanga tarehe na mwalimu mkuu, wazee wa ulindi huarifiwa, na shule ikifunguliwa kijana hurudi darasani akiwa amepona.