Kamera ya Macho Mawili

Mwezi wa Agosti mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walishuka Unguja wakiwa njiani kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Katika mizigo yao ilikuwamo kamera ya lenzi mbili, na aliyekabidhiwa ni Grant. Alipiga picha za mji na za watu wake, na baadhi yake zimehifadhiwa Uingereza hadi leo. Ni miongoni mwa picha za kamera za mwanzo kabisa kupigwa katika sehemu zetu hizi.

Msomaji wangu atauliza, lenzi mbili za nini? Jibu tunatembea nalo usoni. Macho yetu yameachana kwa sentimeta sita hivi, na kwa sababu hiyo kila jicho huona kitu kile kile kwa upande wake kidogo. Nyosha kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha fumba la pili: kidole kitaonekana kimehama. Akili huzichukua picha hizo mbili zisizolingana, ikazifanya kuwa moja, na katika kuzifanya moja ndipo tunapopata kina, yaani kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838, akatengeneza chombo cha vioo kilichoitwa stereoskopu. David Brewster akakifanya kidogo zaidi mwaka 1849 kwa kutumia lenzi, na baada ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 kikaenea katika nyumba za watu wenye nafasi. Watu walikaa sebuleni, wakaona piramidi za Misri zimesimama mbele yao kama vile wangeweza kuzizunguka.

Basi chombo hicho kilikuwa kinakuja kwetu. Njia ya Speke na Grant ilikuwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupanda Usagara, kuvuka Ugogo, hadi Kaze, hapa hapa Tabora. Walifika Kaze tarehe 24 Januari 1861, wakakaa wiki kadhaa. Kama kamera ingefanya kazi yake, leo tungekuwa na tembe za Kaze, mizigo ya pembe chini ya miembe, na wapagazi wa Kinyamwezi wakipumzika, vyote vikiwa na kina chake. Hatuna. Picha za siku zile zilihitaji kioo kupakwa dawa, kupigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, na kazi yote hiyo ifanyike ndani ya hema lililofungwa lisipenye mwanga. Katika joto letu mtu alitoka humo ametota jasho na kizunguzungu juu. Speke aliona kwamba kazi ile ingemmaliza mwenzake, kamera ikaachwa, na Grant akaendelea kwa penseli na rangi za maji. Alichora zaidi ya picha mia moja, na nyingine ni nzuri sana. Lakini mchoro ni wa jicho moja.

Nimelifahamu jambo hili kwa miaka mingi, maana nilifundisha historia na jiografia, kwanza shuleni na baadaye chuo cha ualimu. Lililonifanya niliandike sasa ni miwani ya kuchezea gemu.

Mpwa wangu ni fundi wa televisheni mjini Tabora. Katika kibanda chake hakitupwi kitu. Siku moja aliniita. "Shikamoo Mjomba. Nina kitu hapa cha zamani zenu."

Si cha zamani zetu hata kidogo. Mwaka 1987, kilipotolewa kiwandani, nilikuwa tayari mkuu wa shule, tena Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulingoja hadi 1994. Kwa hiyo watoto wa Tabora wa umri ule hawakuijua kabisa mashine hii, iitwayo Sega Master System. Hii ilitoka Maskati, katika vitu vya familia moja ya mjini hapa yenye ndugu huko Omani. Pamoja nayo palikuwa na miwani mizito myeusi yenye waya. Waya unaingia katika kipande kidogo, na kipande kinachomekwa kwenye tundu la mbele la mashine, lililotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kadi. Mpwa wangu alinieleza kwamba mashine ya toleo la pili, ya mwaka 1990, haina tundu hilo, hivyo mwenye miwani akiwa na mashine ile amepata hasara. Tena haifai TV bapa. Ni lazima TV ya chogo, na ya kwake ilichukua nusu ya meza.

Kazi yake ni hii. Televisheni inaonyesha picha ya jicho la kushoto, kisha ya jicho la kulia, kisha ya kushoto tena. Vioo vya miwani vina maji maji ya kioo yanayopokea umeme. Wakati picha ya kushoto ipo, kioo cha kulia kinafanya giza, kisha vinabadilishana. Katika televisheni za mfumo wetu picha hupita mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila jicho hupata 25. Ndiyo maana inapepesa kama taa ya umeme mdogo, na kichwa huanza kugonga baada ya dakika kumi. TV bapa huichelewesha picha kabla ya kuionyesha, miwani ikawa inafungua kioo kwa wakati usio wake. Nilipoelewa hivyo niliipenda mashine ile. Wheatstone aliweka picha mbili kando kando. Hawa wameziweka moja nyuma ya nyingine katika wakati.

Hapana budi niseme kwamba jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho. La kulia lilikwisha kufanyiwa upasuaji, na hili la pili nilikuwa nikilihesabu kama limekwisha, nikiahirisha mwaka hadi mwaka kwa kusema moja linatosha mtu wa miaka yangu. Nikavaa miwani. Katika kioo mtu alikuwa akiruka angani na bunduki, na ardhi yenye miraba inamkimbilia. Niliona ukungu na kupepesa tu. Mpwa wangu akasema, "Tulia, Mjomba, usikaze macho." Nikatulia. Ghafla nguzo moja ikatoka ndani ya televisheni, ikaja. Nikainamisha kichwa. Kijana alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka naye, lakini nilikuwa nimekwisha kupata habari yangu: kina hakipatikani kwa jicho moja. Jicho la kushoto lilikuwa bado linafanya kazi.

Siku hiyo niliwakumbuka wanawake wa kwa chifu Shinte. Mwaka 1854 Livingstone aliwaonyesha kwa taa ya picha Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe. Alipoisogeza picha, kisu kikaonekana kinawaelekea wao, wakakimbia. Wazungu wengi walikisoma kisa hicho kama cha ujinga. Mimi, mwenye vyeti ukutani, nilikwepa nguzo ya rangi tatu ya mchezo wa watoto.

Chuoni tulikuwa na stereoskopu za mfukoni, lenzi mbili juu ya miguu ya waya inayokunjwa. Tuliziweka juu ya picha mbili zilizopigwa kutoka ndegeni, ambazo kila moja hufunika sehemu kubwa ya mwenzake, kama asilimia 60. Ramani zetu za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa picha za namna hiyo. Mwalimu mwanafunzi aliinama, akahangaika, kisha ungesikia "Ahaa!", kilima kimeinuka. Mmoja hakusema ahaa. Alikuwa na makengeza tangu utotoni, na akili ya mtu wa namna hiyo mara nyingi huzoea kulipuuza jicho moja. Wenzake wakamwona mzito. Nilimpa kazi ya kusoma kontua badala yake, akaisoma kuliko wote darasani.

Katika historia ya njia yetu hii tumelazimika kusoma kama Grant alivyochora. Chukua Mirambo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, upande wa Waarabu waliokuwa wakipigana naye, akamwandika kuwa jambazi. Mwezi wa Aprili 1876 Stanley huyo huyo alikutana naye Serombo, akashangaa kumkuta mpole na mwenye adabu, wakachanjiana damu. Hakuna aliyebadilika sana katika miaka mitano ile. Stanley alikuwa amehama mahali pa kusimama. Mwalimu anayefundisha picha moja kati ya hizo mbili, iwe ya jambazi au ya shujaa, amefundisha kitu bapa. Mwenye kuziweka pamoja ndiye atakayeanza kuona kiongozi aliyetaka ushuru na njia, na mwenye sababu zake. Hata hivyo macho yote mawili hapo ni ya Stanley. La Mnyamwezi bado limefunikwa, na wazee niliowahoji miaka ya 1970 pale Kwihara na vijiji vya jirani wamekwisha kufa. Madaftari yao ninayo. Wino umeanza kufifia, nami ninayanakili usiku, kwa jicho la kulia.

Nimekwenda kuandikisha jina langu kwa ajili ya jicho la kushoto.

Kuhusu wale waliotembea na Speke na Grant, kamera iliwapata mwishowe, ila si Tabora. Wengi walitoroka au kufa njiani. Wanaume 18 walifika Misri mwaka 1863 pamoja na kiongozi wao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa Bara Hindi. Walipigwa picha Kairo, kisha wakarudishwa Unguja kwa meli, kwa kuzunguka Suez, Aden, Morisi na Shelisheli.