Kuokoa Kunaweza Kuua

Ukiishi Nanyuki unazoea habari za wanyama kuhamishwa. Mapema mwaka wa 2024, vifaru weusi 21 walipelekwa Loisaba, huko Laikipia, mahali ambapo hawakuwa wameishi kwa miaka kama 50. Walitoka Nairobi, Lewa na Ol Pejeta, hapa jirani. Kwenye picha unaona helikopta, malori na kreni. Huoni wasiwasi wa madaktari: mnyama anaweza kuamka vizuri, ashuke kwenye sanduku akitembea, halafu afe siku kadhaa baadaye kwa sababu tu alikamatwa.

Zamani wakamataji walikuwa na mbinu moja kuu. Fukuza mnyama kwa gari mpaka achoke, kisha mrushie kitanzi. Filamu ya Hatari! ya 1962, iliyopigwa Tanganyika, inamwonyesha John Wayne na wenzake wakifanya hivyo kama mchezo wa raha. Mwaka uliofuata, hirola, yule swala adimu wa upande wa Garissa, walikamatwa na kupelekwa Tsavo Mashariki ili wasiangamie. Mwaka wa 1964, katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki, kundi la wanasayansi akiwemo daktari wa wanyama Toni Harthoorn lilieleza jinsi misuli ya hirola ilivyoharibika. Maelezo hayo ni kati ya ya kwanza kabisa kuandikwa duniani kuhusu ugonjwa huu wa kukamatwa.

Unafanya kazi hivi. Mnyama akiogopa na kukimbia kupita kiasi, adrenalini inafurika mwilini. Misuli inaishiwa na oksijeni, asidi inajaa, joto linapanda. Seli zinapasuka na kumwaga protini kwenye damu. Figo zinaziba, mkojo unageuka kahawia. Na moyo nao ni msuli. Adrenalini ikizidi, nyuzi zake zinakakamaa na kufa, na hapo hata dawa nzuri inakuwa imechelewa.

Kumbe bahari nayo ina kisa hicho hicho. Nyangumi akikwama ufuoni akiwa hai, maji hayambebi tena, kwa hivyo uzito wake mwenyewe unamkandamiza. Jua linamchoma, na watu wenye nia njema wanamzunguka wakimvuta na kupiga kelele. Wengine hufa hata baada ya kusukumwa majini. Watafiti wa Visiwa vya Canary, Uhispania, walipopasua mizoga ya nyangumi na pomboo waliokwama wakiwa hai, walikuta picha ile ile: misuli imeharibika, moyo umejeruhiwa, figo zimejaa protini. Hata binadamu hajasazwa. Madaktari wa Japani waliuita moyo uliovimba kwa mshtuko takotsubo, jina la mtungi wa kunasia pweza.

Sisi Wakenya tulikumbushwa somo hili vibaya mwaka wa 2018. Vifaru weusi 11 walihamishiwa Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Uchunguzi ulisema kumi waliuawa na mfadhaiko wa kila aina uliozidishwa na maji ya chumvi. Wa kumi na moja alishambuliwa na simba. Hapakuwa na jangili hata mmoja. Waliokuwepo ni watu waliotaka kuwaokoa.

Ndiyo maana siku hizi mnyama anafunikwa macho na kumwagiwa maji, na dakika zinahesabiwa. Watu wananong'ona. Na wakati mwingine kazi inaachwa. Katika jaribio la kwanza la safari ile ya Loisaba, kifaru mmoja wa Nairobi alipigwa sindano kutoka kwenye helikopta akaangukia kijitoni. Walinzi na madaktari walishika kichwa chake kwa kamba kisizame, wakampa dawa ya kumwamsha, wakamwachia aende zake. Hakufika Loisaba, lakini alisimama na kuondoka kwa miguu yake.